MJADALA: Fedha za mtandao vijijini Kigoma na Tabora ziende kwenye minara mipya, au kwenye vifaa na umeme?

Mwanzisha mada, Kigoma Ujiji

Wanajamvi, habari za leo. Takwimu za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, za mwaka 2024 zinasema watu bilioni 2.6 duniani hawatumii intaneti. Kwenye nchi tajiri wanaotumia ni 93 kati ya kila 100. Kwenye nchi maskini ni 27. Mwaka huohuo GSMA, umoja wa kampuni za simu, ikaonyesha kwamba wasiofikiwa kabisa na intaneti ya simu ni kama asilimia 4 ya watu wote. Walio ndani ya eneo lenye mtandao lakini hawautumii ni asilimia 39.

Huku kwetu, Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. Swali ni fedha ya umma inayofuata iende wapi. Mimi nasema minara mipya ingoje. Fedha iende kwenye simu janja, umeme wa kuchajia na vituo vya kujifunzia. Asiyekubali alete hoja.

Fundi minara, Kasulu

Nakupinga mkuu, na hiyo asilimia 4 ndiyo inayokupoteza. Ni wastani wa dunia. Mwambao wa Ziwa Tanganyika una jambo ambalo wastani hauoni: milima inashuka mpaka majini, kijiji kimebanwa kwenye kipande chembamba cha ufukwe, na mnara ulio nyuma ya mlima haukioni. Kwenye ramani kijiji kiko kilomita chache tu kutoka kwenye mnara. Kwenye simu hakuna hata kijiti kimoja.

Na kuusimamisha mnara ufukweni ni nusu ya kazi. Lazima upate njia ya kuuunganisha na Mkongo wa Taifa, ile kebo kuu ya mawasiliano nchini. Njia ya kawaida ni mikrowevu, dishi mbili zinazotazamana. Ukipiga juu ya ziwa, sehemu ya wimbi inagonga maji na kudunda. Lile lililodunda likilifikia dishi kwa wakati mbaya, linaliua lile lililonyooka. Maji yakitulia kama kioo ndipo hali inapokuwa mbaya zaidi, kwa hiyo watu wanashangaa mtandao unakatika asubuhi tulivu isiyo na wingu. Dawa yake ni dishi mbili kila upande, moja juu na nyingine mita kadhaa chini, ili moja ikipoteza nyingine ishike. Hiyo ni gharama mara mbili ya dishi na mnara mzito zaidi. Anayebana bajeti anaweka dishi moja, halafu kijiji kinaambiwa "mtandao unasumbua".

Njia ya pili ni setilaiti. Ile ya kawaida iko kilomita 35,786 juu, hivyo unauliza kitu na jibu linakuja baada ya zaidi ya nusu sekunde. Kupiga simu kunawezekana, kujaza fomu ndefu ya mtandaoni ni mateso.

Mwalimu wa TEHAMA, Urambo

Fundi, hilo la mwambao nalikubali. Ila njoo huku tambarare, ambako mnara unaonekana ukiwa umekaa darasani, uangalie mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita anavyoomba mkopo wa elimu ya juu.

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa mtandao. Afungue akaunti kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, apate namba ya malipo, alipe. Ajaze fomu, aichapishe. Aipeleke kwa kiongozi wa kijiji au mtaa isainiwe na kugongwa muhuri, mdhamini asaini, kisha kwa wakili au hakimu. Mwisho kurasa zilizosainiwa ziskaniwe na kupandishwa tena kwenye mfumo. Mtandao unahitajika kwenye hatua nne au tano, printa mara moja, skana mara moja. Mwenye vifaa nyumbani anamaliza kwa siku mbili. Wa kijijini kila hatua ni nauli ya bodaboda hadi steshenari ya mjini.

Na steshenari ndipo panapoharibika mambo. Ili foleni iende haraka, mhudumu anaweka barua pepe yake na namba yake kwa wanafunzi ishirini. Mfumo ukituma taarifa kwamba kiambatisho hakisomeki, taarifa inakwenda kwa mhudumu, si kwa mwombaji, na dirisha la maombi linafungwa. Mwanafunzi aweke namba yake mwenyewe, hata kama ni ya kitochi, na nywila aiandike kwenye daftari lake. Kurasa za muhuri zipigwe picha nje kivulini, si chini ya taa inayoweka kivuli cha mkono. Muhuri uliofifia ugongwe upya kabla ya kuondoka ofisini.

Sasa mnara wa pili Urambo utamsaidia nini huyu? Anachokosa ni chumba kimoja kwenye kata chenye printa, skana na mtu anayejua kazi.

Muuza simu, Nzega

Naongezea jambo ambalo wengi hawalijui. Mnara wa kijijini unarusha 4G mbali kwa masafa ya chini, MHz 700 au 800. Simu nyingi za bei nafuu zinazoletwa kutoka masoko mengine hazina bendi hizo. Mteja ananunua simu imeandikwa 4G, mjini inaruka vizuri kwa MHz 1800, akifika kijijini inaonyesha E, yaani mtandao wa kizamani wa 2G. Analaumu mnara. Kabla ya kulipa, soma orodha ya bendi kwenye boksi: tafuta B28 kwa 700 na B20 kwa 800, na muulize wakala wa mtandao wako anatumia ipi eneo lako. Ruzuku ya simu ikija bila sharti la bendi, tutagawa simu za kusikilizia muziki.

Fundi sola, Uvinza

Mwanzisha mada anataja vituo vya kujifunzia kana kwamba ni kuleta boksi na kuondoka. Tupige hesabu.

Seva ndogo ya Raspberry Pi (kompyuta ya ukubwa wa kiganja) yenye Kolibri au Kiwix, programu za masomo yasiyohitaji intaneti, pamoja na ruta, inakula kama wati 15. Saa kumi kwa siku ni Wh (wati-saa) 150. Hapo wanaopanga miradi wanaishia, wananunua paneli ya wati 100, basi. Wamesahau vishikwambi. Betri ya kishikwambi ya mAh 5,000 ni kama Wh 19. Ukiongeza upotevu, hesabu 25. Vishikwambi 20 ni Wh 500. Jumla Wh 650 kwa siku. Paneli ya wati 100 kwa saa nne na nusu za jua zuri, ukiondoa theluthi ya upotevu, inaleta kama 300. Wiki ya pili betri imelala.

Weka wati 250. Utapata kama Wh 750 siku ya jua. Vishikwambi vichajiwe saa tano hadi saa tisa mchana jua likiwa juu, visisubiri betri usiku. Mvua za Novemba hadi Aprili zikishika, seva ipewe kwanza, vishikwambi vichajiwe nusu.

Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, iondoe. Inakula wati 10 au zaidi hata ikiwa haina mzigo, wakati Pi inataka volti 5 tu. Tumia kipunguza volti kutoka 12. Kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya betri, ikate mzigo volti zikifika 11.8, na ifungiwe kwenye kisanduku, maana jioni watu watakuja na simu zao kuchaji. Simu kumi kila usiku zinaua betri ya asidi ndani ya miezi. Na usiendeshe seva kwenye memori kadi: umeme ukikatika ghafla faili zinaharibika. Weka diski ya SSD.

Mwanzisha mada, Kigoma Ujiji

Nimesoma zote. Kwa mwambao nimelegeza, dishi mbili zijengwe. Lakini Urambo, Nzega na Kasulu mjini sioni sababu ya mnara mwingine kabla ya chumba cha mwalimu. Na suala la kuchaji bado halijaguswa kwa mtu mmojammoja: anayelipa shilingi 500 mara tatu kwa wiki anatumia 6,000 kwa wiki nne kabla hajanunua bando hata moja.

Fundi minara, Kasulu

Hapo tumekaribiana, lakini usiseme "mnara upo" ukamaliza. Mnara unaotegemea dizeli iliyoletwa kwa boti huzimwa usiku ili mafuta yafike mwisho wa mwezi, na kwenye takwimu bado unahesabiwa. Mkataba wa ruzuku ulipe kwa saa ambazo mnara uko hewani na kwa kasi inayopimwa kijijini saa mbili usiku, watu wote wakiwa kwenye simu. Usilipe kwa chuma kilichosimama.

Mwalimu wa TEHAMA, Urambo

Na kwa chumba cha kata iwe hivyohivyo: ilipwe kwa fomu zilizopandishwa kwa namba ya mwombaji mwenyewe. Vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu tayari viko shuleni, tuanze navyo. Fundi sola, tuwekee hapa orodha ya waya na fyuzi kwa mfumo huo wa wati 250.

Fundi sola, Uvinza

Paneli hadi kontrola, waya wa milimita za mraba 6 usiozidi mita 10. Betri ya volti 12, Ah 100. Kontrola ya ampea 30, fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, si upande wa kontrola. Wengi wanakosea hapo, waya ukigusana unawaka kabla fyuzi haijajua.