Kuotesha maua ya asili ya nyanda za juu kwa mbegu: nianzie wapi?

Mwalimu wa Uyole:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni, na kwa walionizidi umri, shikamooni. Ninafundisha katika shule ya msingi hapa Uyole, Mbeya, na tumepewa kipande cha ardhi mbele ya madarasa ili tukipambe. Badala ya maua ya kununua ambayo kila shule inayo, ningependa wanafunzi waoteshe maua yanayomea yenyewe katika milima yetu. Nimekwisha kukusanya mbegu za aina nne kandokando ya barabara, upande wa Isyonje: lile ua refu lenye kichwa chekundu juu na manjano chini, ambalo kitaalamu ni Kniphofia, gladiola mwitu, marejea ya porini, na yale maua makavu yanayong'aa kama karatasi, ambayo nimeelezwa kuwa ni Helichrysum. Tumo katika Oktoba, na mvua bado. Je, nizisie sasa au ningoje mvua? Je, kuna mbegu zinazohitaji kutayarishwa kwanza? Na je, okidi za hifadhi ya Kitulo huoteshwa kwa mbegu? Hilo la mwisho wanafunzi wananiuliza kila siku.

Mkulima wa Mufindi:

Kamwene, mwalimu. Kabla ya yote, weka kando mazoea ya kitalu cha mboga. Mbegu ya kabichi huchipua yote kwa pamoja kwa sababu wakulima na watafiti wameichagua hivyo kwa vizazi vingi. Mbegu ya porini haina faida ya kufanya hivyo, kwa kuwa zote zikichipua kwa mvua ya kwanza, kisha mvua hiyo ikakatika, kizazi kizima kimekwisha. Kwa hiyo chache zitaota mapema, nyingine zitachelewa, na trei iliyokaa kimya mwezi mzima haistahili kumwagwa.

Udongo uchekeche, uuchanganye na mchanga wa mtoni kwa kiasi sawa, na samadi uiache kwa ajili ya mahindi. Mimea hii imezoea udongo hafifu wa mbuga za juu. Ukiurutubisha, nyasi ndizo zitakazofaidi kwanza, na sangari ikishatanda hutayaona maua yako tena. Mimi ningeanza kung'oa sangari hata kabla ya kugusa mbegu, tena kwa kufukua mizizi yake yote, maana kipande kinachobaki ardhini huchipua upya.

Marejea ina ganda gumu lisilopitisha maji. Mimina juu yake maji ya moto ambayo yameepuliwa na kutulia kidogo, uziache mbegu humo mpaka asubuhi, kisha usie zile zilizovimba. Ambazo hazikuvimba zisugue taratibu kwa msasa na uziloweke tena. Nitaongeza tahadhari moja: marejea mengi ya porini yana sumu kwa mifugo, hivyo ni vizuri bustani iwe na uzio wa kuzuia mbuzi.

Helichrysum ni kinyume kabisa cha marejea, kwa kuwa mbegu zake ni ndogo mno na huota vizuri zaidi zikipata mwanga. Zitawanye juu ya udongo, uzibonyeze kwa kiganja, usizifukie. Usimwagilie kwa juu, kwani maji yatazisukuma zote pembeni. Weka kopo lililotobolewa chini ndani ya beseni lenye maji kidogo, uache unyevu upande wenyewe. Kniphofia na gladiola zifunike kwa udongo mwembamba tu, na ule utando unaoizunguka mbegu ya gladiola kama bawa hauhitaji kuondolewa.

Kuhusu wakati, sia sasa chini ya kivuli ili miche iwe tayari kuhamishwa mvua zitakaposhika. Msimu wetu ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kisha inafuata baridi ya Juni na Julai ambayo kwa maeneo mengine huja na jalidi. Mche utakaohamishwa Machi hautapata muda wa kushika mizizi.

Mama Kitalu, Tukuyu:

Marahaba, mwanangu. Ninakubaliana na kaka wa Mufindi kwa mengi, ila katika suala la kusia zote sasa ningekuwa mwangalifu zaidi. Sia nusu, nusu nyingine uitunze katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu, wala si katika mfuko wa nailoni ambao huhifadhi unyevu na kuleta ukungu. Miche michanga inapokutana na wiki za mawingu na unyevu hushambuliwa na kinyausi. Shina hulainika pale linapogusana na udongo, na asubuhi unakuta trei nzima imelala. Sia kwa nafasi, acha hewa ipite, na umwagilie asubuhi badala ya jioni.

Jambo ambalo halijatajwa ni moshi. Mbuga zetu huungua karibu kila kiangazi, na yapo maua ambayo mbegu zake huupokea moshi kama ishara kwamba nyasi zimeondoka na mwanga umepatikana. Mwaka 2004 watafiti wa Australia waliitambua ndani ya moshi wa mimea kemikali inayoamsha mbegu. Si kila aina huitikia, kwa hiyo ligeuzeni kuwa somo la sayansi: trei moja ya Helichrysum ifunikwe pamoja na moshi wa nyasi kavu kwa muda wa saa moja hivi, nyingine isiguswe, na wanafunzi wahesabu miche. Moshi utengenezwe ndani ya kopo, mbali na majani makavu, na mtu mzima awepo.

Mwenyeji wa Matamba:

Naomba nijibu la okidi, kwa sababu sisi tunaishi jirani na Kitulo. Mbegu ya okidi ni kama vumbi na haina akiba ya chakula ndani yake. Porini huota tu ikikutana na aina ya kuvu inayoilisha mpaka itoe majani. Kwenye trei ya shuleni haitaota, na anayekuuzia kiazi cha okidi amekichimba porini. Viazi hivyo vimechimbwa kwa wingi na kuvushwa hadi Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na uchimbaji huo ni miongoni mwa sababu zilizofanya Kitulo ilindwe. Tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, yenye aina zipatazo 45 za okidi za ardhini, na huruhusiwi kuchuma humo ua wala mbegu bila kibali. Wapeleke wanafunzi wazione huko kati ya Desemba na Aprili.

Hata kwa mbegu za barabarani, usichukue zaidi ya sehemu ya tano ya zilizokomaa mahali pamoja. Pia chagua mimea iliyoota kwenye mwinuko unaokaribiana na wenu. Uwanda wa Kitulo uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na Uyole iko karibu mita 1,800. Tofauti hiyo ni kama nyuzi 5 za joto, na mmea wa juu kabisa unaweza kuota vizuri kwenu lakini usichanue.

Mwalimu wa Uyole:

Nawashukuru sana. Okidi tutaziendea Kitulo. Limebaki swali moja: gladiola itachukua muda gani kuchanua, na wakati wa kiangazi niimwagilie?

Mkulima wa Mufindi:

Gladiola na Kniphofia zitarajie mwaka wa pili au wa tatu; msimu huu marejea ndiyo itakayowafurahisha wanafunzi. Mwaka wa kwanza gladiola hufanana kabisa na nyasi, na majani yake yakikauka kiangazi usiimwagilie, kwa sababu kitunguu chake kidogo kimepumzika ardhini na maji yatakiozesha. Chomekeni kijiti penye kila mche sasa hivi, ili zamu ya usafi ya Mei isije ikaing'oa yote kwa kudhani ni magugu.