Wanamuziki wa zamani kwenye TV walikuwa wanaimba kweli au ni plebaki (rekodi inalia, wao wanafungua mdomo tu)?

Binti_wa_Malaba:

Habari zenu humu ndani. Nina swali limeleta ubishi kwetu nyumbani tangu Jumapili, wanaojua mambo ya muziki na TV naomba mnisaidie. Baba yangu ameendesha malori Mombasa–Kampala miaka mingi sana, muziki wa zamani ndio maisha yake, sasa amestaafu niko naye hapa Malaba na kila jioni namwekea klipu za YouTube kwenye simu tunaangalia pamoja. Neno lake la kila siku ni hilo hilo, nyinyi watoto wa sasa msanii anapanda stejini na CD anarukaruka tu, sisi wakati wetu mtu aliimba na koo lake. Sikuwahi kumbishia.

Jumapili tukawa tunaangalia kile kipindi cha Uingereza, Top of the Pops, cha miaka ya 70. Bendi inapiga, baba anatikisa kichwa, mimi macho yakaenda kwenye gita. Halina waya. Nikaangalia gita la pili, nalo halina, na nyuma yao sioni spika yoyote. Halafu mwisho wa wimbo sauti ikaanza kupungua pole pole mpaka ikazimika kabisa, lakini mwimbaji bado anafungua mdomo na mpiga dramu bado anapiga kwa nguvu zote. Nikasema baba hii ni plebaki. Hakujibu. Alichukua simu akairudisha nyuma, akaangalia mara ya pili, akanirudishia akaenda kulala, na haikuwa hata saa mbili usiku.

Iliniuma kusema kweli. Naomba kujua, je wote walikuwa hivyo? Nitajuaje nani anaimba kweli na nani anafuatisha mdomo tu? Na je ulikuwa udanganyifu? Nataka nikiongea naye tena niwe na kitu cha uhakika.

FundiMaiki_Kla:

Dada uliyoyaona umeyaona sawasawa, wimbo wenyewe ulikuwa rekodi. Ule mwisho wa sauti kupungua ndio dalili kubwa kuliko zote, bendi iliyo mbele yako haiwezi kufifia kama redio inayozungushwa, yule anayepunguza sauti amekaa studio na mkono wake uko kwenye mashine. Wimbo wa laivu lazima uishie mahali, wanapiga pigo la mwisho pamoja.

Lakini usiuweke muziki wote wa TV ya zamani kwenye kapu moja. Kulikuwa na namna 3, watu wanasahau ile ya katikati. Kuna plebaki kamili, sahani (santuri) inalia na kila mtu anaigiza. Kuna laivu kamili. Na kuna muziki wa tepu lakini mwimbaji anaimba kweli juu yake, hapo gita linaweza kukosa waya na bado sauti unayoisikia ni ya pale pale. Kwa hiyo waya wa gita unakwambia habari za gita, haukwambii habari za koo.

Top of the Pops ilianza tarehe 1 Januari 1964 mjini Manchester, ndani ya jengo lililokuwa kanisa zamani, na mwanzoni wasanii walikuwa wanafuatisha sahani yenyewe ile inayouzwa dukani. Mwaka 1966 chama cha wanamuziki cha Uingereza kikapinga kufuatisha sahani, wakasema kama TV inapiga sahani basi wapigaji watakula nini? Tangu hapo ikawa sharti mrekodi tepu mpya ya kipindi, au muimbe na okestra ya kipindi. Tepu nyingine zilikuwa zinabadilishwa kimya kimya na ile ya sahani, watu wa fani walilijua hilo. Ndiyo maana klipu 2 za kipindi kimoja zinaweza kuwa tofauti kabisa, hii mwimbaji anaimba, hii haimbi.

Na sababu haikuwa uvivu. Fikiria studio ya TV, wasanii 6 au 7 ndani ya kipindi kifupi, kila mmoja ana dramu na magita yake, maiki zenyewe za kuhesabu, meza ya sauti ina njia chache. Kampuni ya sahani nayo inataka mtu asikie kile kile atakachokwenda kununua. Marekani Dick Clark alikuwa na kipindi cha muziki cha TV, American Bandstand, ilianza kuonyeshwa nchi nzima 1957, na pale kufuatisha mdomo ndio ilikuwa kawaida yao.

Sasa sikio. Mimi nashika meza ya sauti kanisani kila wikiendi, na kuna dada mmoja wa kwaya akiguswa na wimbo anageuza uso kuangalia wenzake, pale pale sauti yake inashuka nusu, mkono wangu unakimbilia kitufe chake kumpandisha, akirudi mbele inaniruka inabidi nimshushe tena. Hiyo ndiyo laivu. Ukiona mtu kwenye klipu anageuza shingo, anazungusha maiki, anaruka, na sauti imekaa pale pale kama imepigiliwa msumari, hiyo ni tepu. Sikiliza pumzi kabla ya mstari mrefu. Sikiliza herufi p ikipiga maiki pu. Na kama una ile rekodi ya dukani, zifungue zote mbili, kama anavuta neno vile vile kwa urefu ule ule mpaka mwisho basi umeshapata jibu.

Kaka_Arua:

Mimi nasema ni udanganyifu na tusipake sukari. Kundi la Boney M hapa Uganda kila Desemba utawasikia kila duka, kila teksi, sisi tumekua nao. Mimi kwa miaka yote nilijua ile sauti nzito ya kiume ni ya yule jamaa anayecheza kama hana mifupa, Bobby Farrell. Kumbe ni sauti ya Frank Farian, prodyuza wao, ameimba studio halafu Farrell anapanda kwenye TV anafungua mdomo. Hata kwa wale akina dada, walioimba kwenye rekodi ni Liz Mitchell na Marcia Barrett, Maizie Williams sauti yake haimo. Na huyo huyo Farian baadaye ndiye aliyetengeneza kundi la Milli Vanilli, wakapewa tuzo ya muziki ya Grammy mwaka 1990 na mwaka huo huo wakanyang'anywa, kwa sababu vijana wale wawili hawakuimba hata neno moja kwenye ile albamu. Mtu umenunua kaseti kwa jasho lako, unampenda mtu kumbe unampenda mtu mwingine. Hapana.

FundiMaiki_Kla:

Kaka Arua, kwa Milli Vanilli niko na wewe mia kwa mia. Lakini kuna kufuatisha sauti ya mtu mwingine na kuna kufuatisha sauti yako mwenyewe uliyoitolea jasho studio. Michael Jackson kwenye sherehe ya Motown, kampuni ya sahani ya Marekani, kutimiza miaka 25, imerekodiwa Machi 1983 ikaonyeshwa Mei, ule mseto wa nyimbo na kaka zake waliimba laivu, halafu kaka zake wakashuka, akabaki peke yake, ikapigwa Billie Jean na hapo alikuwa anafuatisha rekodi yake. Ndiyo siku dunia ilipoona ule mwendo wa kurudi nyuma kama anateleza. Sauti ni yake, miguu ni yake, alichagua kuipa miguu kazi yote usiku ule. Siwezi kumwita mwongo.

Saksafoni_Mzee:

Binti yangu hamjambo hapo Malaba. Msalimie baba yako, mwambie mzee mwenzake aliyepuliza saksafoni kwenye bendi za Kampala anamsalimu.

Nitakueleza jambo ambalo sijawahi kuliandika. Miaka ya 80 mwanzoni bendi yetu iliitwa kurekodi kipindi cha TV, jina la kituo naliacha. Tulikuwa watu 11, tukavaa mashati mapya yote ya rangi moja, tulifanya mazoezi wiki nzima. Kufika, maiki ziko 3. Prodyuza akasema wazee hapa hatuwezi, tupeni tepu yenu, sisi tutapiga picha. Mpiga dramu wakamfunikia visahani kwa taulo visilie. Mimi wakaniwekea kitambaa ndani ya mdomo wa saksafoni, nikawa napuliza pumzi tu na vidole vinatembea. Mtu ambaye hajapuliza hawezi kujua ile hali, mwili unafanya kazi yote halafu hakuna kinachotoka, mpaka kifua kinakuuma.

Katikati ya wimbo jenereta likapungua nguvu, tepu ikaanza kwenda pole pole, sauti ya mwimbaji wetu ikashuka ikawa nzito kama ya ng'ombe dume. Mpiga kamera akatupungia mkono tuendelee. Mwimbaji alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, basi naye akaanza kupunguza mwendo wa mdomo wake ili afuatane na tepu. Ikaonyeshwa hivyo hivyo. Wiki ile alikataa kutoka nje ya nyumba, na mimi mpaka leo nikikumbuka uso wake nasikia vibaya.

Lakini Ijumaa ile ile tulipanda jukwaani saa 3 usiku tukashuka saa 10 alfajiri. Hakuna tepu, hakuna sahani. Ukikosea watu wanasikia, waya wa maiki ukikatika unaimba bila maiki. Kwa hiyo baba yako hakusema uongo. Yeye muziki wa laivu aliukuta kwenye kumbi, alikuwa anapaki lori anakuja kutuona, na huko tuliimba na makoo yetu kweli. Mpaka leo bendi ya Afrigo ya Kampala wako pale tangu 1975, Moses Matovu bado anapuliza na anaimba, nenda ukamwone. TV ilikuwa mahali pengine na sheria nyingine. Mweleze hivyo, atakuelewa.

Nyota_Gulu:

Shikamoo Mzee, umenigusa sana na ile ya mwimbaji wenu.

Binti wa Malaba, mimi nataka nikupe za kumwonyesha baba, maana zipo nyingi za kweli. Tafuta kipindi cha TV cha Marekani, The Ed Sullivan Show, pale wengi waliimba laivu. Beatles tarehe 9 Februari 1964, watu milioni 73 wakiangalia, utasikia maiki ya John Lennon iko chini hasikiki vizuri, kwenye sahani usingelisikia kosa kama hilo. Pale pale Desemba 1969 utamkuta Michael Jackson ana miaka 11 anaimba na Jackson 5, mtoto yule anaimba jamani. Halafu kipindi kingine cha Marekani, Soul Train ya Don Cornelius, wengi sana mle walifuatisha sahani, lakini James Brown alikuja na bendi yake yote, na Al Green mwaka 1974 alikuja mkono umefungwa bandeji, na aliimba laivu vile vile na mkono wake mbovu, anashuka na sauti mpaka inakuwa mnong'ono halafu anaipandisha, ukilinganisha na rekodi hazifanani hata kidogo. Mimi hiyo nimeiangalia labda mara 50. ABBA pia, Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, ya 1974 kule Brighton, yale mashindano sharti lake ni kuimba laivu na okestra ilikuwepo pale.

Na kama anapenda ya huku kwetu, tafuta picha za tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Franco, jukwaa moja. Jasho lile haliigizwi.

Kaka_Arua:

Ya Mzee imenifunga mdomo. Sikuwahi kuwaza upande wa mwanamuziki mwenyewe, nilijua wao ndio wanaotaka. Lakini kwa Farian sirudi nyuma.

Binti_wa_Malaba:

Banange asanteni, sikutegemea. Narudi na majibu. Jana jioni nilimsomea baba maneno ya Saksafoni Mzee yote, pole pole, mpaka ile ya jenereta. Aliniambia soma tena hapo pa kupaki lori. Kisha akaanza kuhesabu kumbi kwa vidole, Tororo, Jinja, Kampala, akataja na usiku mmoja umeme ulikatika na bendi ikaendelea gizani, dramu na tarumbeta tu, watu hawakuacha kucheza mpaka taa zikarudi. Hiyo hadithi sijawahi kuisikia maisha yangu yote.

Halafu nikamwekea Al Green. Hakutazama, alifumba macho akawa anasikiliza, pale sauti iliposhuka akainua kidole juu akakishikilia hivyo hivyo mpaka ilipopanda. Akasema huyu anaimba.

Mzee, anakusalimu sana na anauliza bendi yenu iliwahi kufika Tororo? Na leo asubuhi kabla sijamaliza chai ameshaniletea simu, anataka nimtafutie Franco kwenye TV ya Zaire, waya wa gita ataukagua yeye mwenyewe.