Wauzaji wa pateni (michoro ya kukatia nguo) za "kihistoria" za wanasesere, mnatuona wajinga?

Wakuu, nimekaa kimya wiki mbili nikisubiri hasira zishuke. Hazijashuka. Kwa hiyo naanzisha uzi, na huu si wa kushonea.

Nina mwanasesere wa mkusanyo, sentimita 29, wa vinili (plastiki laini), toleo lisilotengenezwa tena. Nilitaka kumshonea gauni la mchana la miaka ya 1860, lile la krinolini (fremu ya kutanua sketi, huvaliwa chini yake), lenye sketi kama kengele. Nikanunua pateni mtandaoni, imeandikwa kwa herufi kubwa: SAHIHI KIHISTORIA, IMEJARIBIWA. Picha ilikuwa nzuri, nikajaa. Baadaye ndiyo nikagundua picha zote zimepigwa kwa mbele. Mgongo hauonekani popote. Mkiona hivyo kimbieni.

Imejaribiwa na nani? Ile ni pateni ya mtu mzima iliyopunguzwa mara sita kwenye kompyuta, basi! Mwili unapungua mara sita, kitambaa hakipungui. Hebu pigeni hesabu: mshono wenye tabaka nne za kitambaa cha nusu milimita ni milimita 2. Kwa mwanasesere wa saizi hiyo ni sawa na mtu kuvaa mshono wenye unene wa milimita 12. Sasa weka shimizi, korseti ya kubana kiuno, fremu ya krinolini, peticoti, halafu sketi yenye marinda, kila kimoja na mkanda wake, vyote vikutane kwenye kiuno cha sentimita 9. Mwanasesere wangu alitoka kama gunia lililofungwa kamba katikati. Anayeshona vitu hivi kweli angesema peticoti na sketi zikae kwenye mkanda mmoja mwembamba, au mikanda ipishane, mmoja chini ya mwingine. Maelekezo ya muuzaji hayagusi hilo kabisa.

Kipimo nacho. Hakuna kile kisanduku chenye kipimo kinachojulikana, cha kupima kwa rula ukishachapa! Printa ikijiamulia "tosheleza ukurasa" inakula asilimia nne au tano na hujui. Kwa gauni la mtu utarekebisha. Kwa kiuno cha sentimita 9, asilimia nne ni karibu milimita 4, na hizo ndizo zinazoamua kama nguo inafunga au haifungi. Yangu haikufunga.

Mikono ya gauni sitaki hata kuizungumzia. Vidole vya mwanasesere havikunji! Ukimfunika kiganja kwa kipande cha mfuko wa plastiki nguo huteleza, lakini si kwa mkono wa gauni mwembamba kuliko kiganja chenyewe.

Halafu Velcro. Wakuu, VELCRO, ule utepe wa kunata wenye miba. Mgongoni. Hati miliki ya Velcro ni ya miaka ya 1950, na gauni la mchana la miaka ya 1860 kwa kawaida lilifungwa mbele, kwa vifungo au kulabu. Angeandika "mtindo wa kizamani, nyepesi kwa wanaoanza" nisingefungua mdomo, kila mtu na starehe yake. Lakini umeandika SAHIHI. Na miba yake imekwangua hariri yangu na kung'oa nywele za mwanasesere. Tena mahali pekee alipojitia kuijua historia kaharibu: anakataza zambarau iliyokoza eti enzi hizo haikuwapo. Perkin aligundua movini, rangi ya zambarau ya kutengenezwa, mwaka 1856, na miaka iliyofuata zambarau ikawa ndiyo habari ya mjini!

Ila kilichoniliza ni hiki. Maelekezo yanasema sehemu ya juu ya gauni "haihitaji bitana", na hayana neno hata moja kuhusu kufua kitambaa kwanza. Mimi nilitumia hariri nyekundu iliyokolea. Najua, najua, nilipaswa kufua mpaka maji yatoke meupe, na sikupaswa kumwacha amevaa wiki tatu. Hilo ni langu, nimelibeba. Lakini pateni ya kuuzwa, inayosema inafaa kwa wanaoanza, inakaaje bila onyo hilo? Nilipomvua, kifua na makwapa yote yana madoa ya waridi. Vinili hunywa rangi, haifutiki kwa sabuni.

Nikamwandikia muuzaji kwa upole, na picha sita. Jibu lake, sentensi moja: "Inategemea na mkono wa mshonaji." Mkono wangu! Nimeshona mishono ya milimita moja na nusu kwa sindano namba 60 usiku mzima, nafumua, narudia, nikidhani kosa ni langu. Kurudisha hela hataki, kusahihisha faili hataki, na tangazo bado linasema IMEJARIBIWA.

Sitaji jina, mods msije mkaufunga uzi. Naomba mambo mawili. Kwanza, mwenye pateni ya miaka ya 1860 aliyoishona mwenyewe mpaka mwisho, aweke hapa picha ya MGONGO na ya kiuno kwa karibu. Pili, kuna aliyeondoa doa jekundu kwenye vinili kwa ile krimu ya chunusi yenye benzoyl peroxide bila kuacha baka jeupe? Ulimweka juani kwa muda wa saa ngapi kila siku? Nimeipaka kwanza chini ya unyayo mmoja, pasipoonekana, na sasa nasubiri.