Wakuu, naweza kuwa na deskitopu yangu moja kwenye kompyuta na kwenye simu?

Steshenari Sinza

Wakuu habari za jioni, naomba mwenye uzoefu anisaidie maana nimeuliza sana mtaani na kila mtu ananiambia lake.

Nna steshenari ndogo Sinza, kazi zetu ni zilezile, kopi, kuprinti, paspoti saizi, kubaindi ripoti za wanachuo. Kompyuta ya dukani ni ya zamani, ramu 4 GB, Windows iliilemea nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, ile yenye XFCE, yaani sura nyepesi ya deskitopu, na hapo ndo nikaanza kuipenda. Nimeipanga mwenyewe kwa mkono wangu, ubao uko kushoto umesimama wima, una vitufe vikubwa vinne tu, KAZI ZA LEO, BEI, MADENI, PRINTA, kila kimoja na rangi yake. Binti anayenisaidia hakuwa ameshika kompyuta kabla ya kuja kwangu ila siku ya pili tu alikuwa anapiga kazi bila kuniuliza, anajua njano ni madeni, basi. Ndo maana sitaki mpangilio mwingine.

Sasa umeme ukikata tumekwisha. Mteja anakuja kulipa deni, hatujui anadaiwa ngapi. Na nikiwa Kariakoo nafuata rimu za karatasi, huku dukani mtu anabishana bei ya kubaindi, binti ananipigia na mi sina pa kuangalia. Nataka nikifungua simu nikute ubao uleule, vitufe vilevile, faili zilezile. Nimejaribu ile ya kuiongoza kompyuta kwa mbali kupitia simu, herufi zinakuwa kama mchanga, unataka kubonyeza BEI kidole kinaangukia MADENI, af isitoshe umeme ukikata kompyuta yenyewe imezima kwa hiyo hamna cha kuongoza.

Simu yangu ni Android 14, ya bei ya kawaida. Ninunue nyingine? Nibadilishe mfumo mzima? Au nitafute mtu anitengenezee apu? Natanguliza shukrani.

Kijana wa Mbagala

Mkuu wewe unatafuta DeX. Samsung waliitoa 2017 na Galaxy S8, mwanzo ilitaka kituo chake cha kuchomekea simu, ilipokuja Note 9 mwaka 2018 ikawa waya tu wa USB-C kwenda HDMI unatosha. Mi natumia mwaka wa tatu huu, nachomeka simu kwenye monita, kibodi na mausi za bluutuuthi, naandika ripoti, madirisha yanafunguka kama kompyuta kabisa, nikichomoa naondoka na kazi yangu mfukoni. Ila angalia, simu nyingi za Galaxy A hazina hiyo kitu, tafuta S au Note hata iliyotumika. Na sura yake ni ya Samsung wenyewe, unabadilisha picha ya nyuma na kupanga aikoni, ubao wako wa kushoto na vitufe vyako vinne hutaupata vilevile.

Pwani44

Kabla hujanunua waya wowote nisikilize mimi. Nilinunua adapta ya USB-C kwenda HDMI Kariakoo, elfu 35, nimefika nyumbani nachomeka, kioo cheusi. Nikarudi nikabadilishiwa nyingine, kioo cheusi. Nikaanza kugombana na muuzaji wa watu kumbe adapta ni nzima, tatizo tundu la simu yangu. Tundu kuwa na umbo la USB-C haimaanishi linatoa picha, lazima simu iwe imewekewa DisplayPort, yaani njia ya kutoa picha, ndani ya hiyo USB-C, na simu nyingi za bei ya kawaida tundu lao ni USB 2.0, linachaji na kuhamisha faili basi. Ukienda dukani nenda na simu yako, mwambie muuzaji achomeke kwenye tivii uone picha kwa macho yako ndo utoe hela. Hiyo elfu 35 bado inaniuma.

Dada wa Kimara

Samahani jamani, mi naona tunamwelekeza kaka yetu kwenye tatizo ambalo hana. Amesema umeme ukikata. Umeme ukikata na monita imezima, sasa hiyo DeX ataichomeka wapi? Na akiwa amesimama Mtaa wa Congo na rimu begani monita ataitoa wapi? Yeye anataka sura ya duka lake kwenye kioo cha inchi sita, ishikwe kwa kidole gumba. Ni kitu tofauti kabisa na kuigeuza simu iwe kompyuta.

Kijana wa Mbagala

Hapo umenishika dada, kweli.

Pengwini Mzee

Mkuu ulichokiomba ni ndoto ambayo watu wameifukuza miaka mingi, ngoja nikupe historia kidogo maana itakusaidia kuamua.

Motorola walijaribu 2011 na simu ya Atrix, unaichomeka kwenye ganda la laptopu. Microsoft wakaja na Continuum 2015 kwenye Lumia 950, nayo ikafa pamoja na Windows ya simu. Ila walioniuma mimi ni Ubuntu, nayo ni Linux kama Mint yako. Mwaka 2013 Canonical, kampuni yenye Ubuntu, walichangisha hela za simu ya Ubuntu Edge, walitaka dola milioni 32, zikapatikana ahadi za milioni 12 na ushee, simu haikutengenezwa. Wakaendelea na Unity 8, yaani muonekano mmoja unaojikunja kwenye simu na kujikunjua kwenye monita, mpaka Aprili 2017 mwanzilishi wao Mark Shuttleworth akatangaza wanaacha. Nakumbuka niliisoma ile taarifa mara mbili. Watu wa kujitolea wa kundi la UBports wakaiokota, Ubuntu Touch, yaani Ubuntu ya simu, bado iko hai na Unity 8 siku hizi inaitwa Lomiri. Watengenezaji wengine wa sura za Linux nao wamo, KDE wana Plasma Mobile, upande wa GNOME kuna Phosh iliyoanzia kwa kampuni ya Purism na simu yao ya Librem 5.

Kwa nini isisambae? Kwa uzoefu wangu, sura yenyewe siyo kikwazo, inachorwa. Kazi ipo kwenye kamera, modemu, na usingizi wa betri, kila simu ina vyuma vyake na siri zake, simu zinazofanya kazi vizuri na mifumo hii ni orodha fupi sana na ya kwako ya bei ya kawaida sidhani kama imo. Af apu zako za pesa kwenye simu na WhatsApp ni za Android, utaanza kuzitafutia njia za mzunguko. Kwa hiyo simu yako moja unayoitegemea kwa biashara USIIFLASHI, yaani usiifute Android uweke mfumo mwingine. Kama una simu ya pembeni kwenye orodha yao, hapo jaribu, mi nakuunga mkono kabisa.

Ila kuna jambo moja hawa jamaa walilielewa vizuri na litakufaa. Programu zao zinapangwa upya kioo kikiwa chembamba. Ubao wa pembeni unajificha au unashuka chini karibu na kidole gumba, safu mbili zinakuwa moja, vitufe vinanenepa. Android wenyewe wanashauri kitufe kisipungue dp 48 (dp ni kipimo chao cha kioo), ni kama milimita 9 hivi, Apple wanasema pointi 44. Kwa hiyo usitamani ubao wako uwe kushoto na kwenye simu, kwenye simu kushoto juu ndo mbali kuliko kote kwa mtu anayeshika kwa mkono wa kulia. Weka rangi zilezile, majina yaleyale, mfuatano uleule, uulaze chini.

tty_Ubungo

XFCE ileile inaingia kwenye Android bila kuflashi chochote mkuu. Weka Termux, apu inayoendesha programu za Linux ndani ya Android, uitoe F-Droid, duka la apu huria, af termux-x11 ya kuonyesha madirisha na xfce4 yenyewe, ukimaliza nakili folda ya .config/xfce4 ya kompyuta yako uihamishie huko, ubao wako unatokea na vitufe vyake vinne, njano yako ileile. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Mambo mawili tu, kuanzia Android 12 mfumo unaua michakato ya pembeni, yaani programu ndogo zinazoendeshwa na apu kwa nyuma, ikizidi 32, kwa Android 14 nenda setingi za madivelopa kuna pa kuzima hicho kizuizi. La pili, kwa kidole ni tabu, XFCE ilitengenezwa kwa mausi.

Dada wa Kimara

Mi ni divelopa, na nimekaa na swali lako jana usiku. Kinachofanya duka lako liende ni binti kujua njano ni madeni. Hicho ndo cha kuhamisha, na hakihitaji apu wala simu mpya.

Kwenye simu weka lancha, yaani apu ya kupanga ukurasa wa mwanzo, yoyote inayokubali kubadili aikoni na ukubwa wake, futa kila kitu ukurasa wa kwanza, acha vinne vyako chini, uvipe picha zilezile za rangi ulizotumia kwenye Mint. Kila kimoja kiwe njia ya mkato ya folda au faili husika. Faili za ods, yaani majedwali ya LibreOffice, zitafunguka na Collabora Office. Kuhusu PRINTA, kwenye simu haina maana umeme ukiwa umekata, badala yake weka kitufe cha kumpigia binti, wewe dukani yeye Kariakoo au kinyume chake, nafasi ileile.

Faili zenyewe zisafirishe na Syncthing, kwenye simu tafuta Syncthing-Fork maana apu rasmi ya Android iliachwa 2024. Inanakili folda toka kompyuta kwenda simu kupitia WiFi ya dukani hata kama hamna bando, na nakala inakaa kwenye simu, kwa hiyo umeme ukikata faili unazo. Kwenye setingi iambie itumie WiFi peke yake isije ikala bando lako, na kwenye simu itoe kwenye orodha ya kubana betri la sivyo Android itaiua na utadhani inafanya kazi kumbe imelala tangu juzi.

Ukitaka baadaye tukufanyie ukurasa wa wavuti unaojipanga wenyewe kwenye kioo kikubwa na kidogo inawezekana, ila ujue ukurasa hauwezi kujihifadhi ufanye kazi bila neti kama umeufungua kwa anwani ya http ya mtandao wa ndani, brauza inadai https, yaani muunganisho uliolindwa. Watu wengi wanakwama hapo. Anza na hili kwanza.

Steshenari Sinza

Wakuu nimerudi, samahani nimekaa kimya siku nne, nilikuwa najaribu.

Nimefanya ya dada wa Kimara na ushauri wa Pengwini wa kulaza vitufe chini. Nilimpa binti simu bila kumwambia chochote nikamwuliza yule mwanachuo wa ripoti tatu anadaiwa ngapi, akabonyeza njano moja kwa moja, akanisomea. Jana umeme ulikata saa tisa mpaka jioni, tumepokea madeni ya watu watano na kuyaandika kwenye simu, umeme uliporudi kompyuta ikachukua yenyewe. Sijui niwashukuru vipi.

Ila leo nimekuta kwenye folda ya madeni kuna faili ya pili, jina lake lina neno sync-conflict. Ni nini hiki?

Dada wa Kimara

Hongera sana. Hiyo ni kwamba wewe ulihifadhi kwenye simu na binti akahifadhi kwenye kompyuta kabla hazijakutana, Syncthing haikutupa ya mtu, imeweka zote mbili. Fungua zote, linganisha mistari ya leo, hamishia kwenye moja, nyingine futa. Kuanzia sasa gawanya madeni, kila mteja faili yake, itatokea mara chache mno. Na folda ya BEI kwenye simu iweke ya kupokea tu, hapo ukigusa namba kwa bahati mbaya ukiwa kwenye daladala haitafika kwenye kompyuta ya dukani.

Pwani44

Na uwashe ile ya kutunza matoleo ya zamani ya faili, upande wa kompyuta. Maana ukifuta faili kwenye simu, inafutika na huko.