Milinganyo ya Maxwell ilifikaje kwenye antena ya redio?

Swali
Wanajamvi, ninajisomea milinganyo ya Maxwell ya mwaka 1865, ile inayoeleza umeme na sumaku, na karibu kila mfano ninaoukuta unahusu chaji iliyotulia au waya usio na mwisho. Antena ni kipande cha waya ambacho mkondo ukifika nchani hauna pa kwenda. Ni nani aliyeivusha nadharia hii hadi huko, na kikwazo kilikuwa wapi?

Jibu la 1
Ndugu, wa kwanza ni mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz. Huko Karlsruhe, Ujerumani, kati ya 1886 na 1888, alirusha cheche katika pengo la waya, kisha akatazama gizani pete ya waya yenye pengo jembamba mno, hadi nayo ikatoa cheche ndogo. Wengi hukumbuka cheche hizo na kusahau kwamba mwaka 1889 alichapisha hesabu ya uga (nguvu za umeme na sumaku zinazoenea angani) wa dipoli fupi, yaani antena ya waya mnyoofu inayolishwa mkondo katikati, akichora jinsi mistari ya uga inavyojifunga, ikaachana na waya na kusafiri yenyewe. Kwangu mimi, nadharia ya antena inaanzia kwenye michoro hiyo.

Jibu la 2
Nakubali, lakini Hertz alichukulia kwamba mkondo unajulikana tayari na kwamba dipoli ni fupi sana kuliko urefu wa wimbi. Ugumu hasa ni kwamba mkondo huzaa uga, na uga huohuo hurudi kuutawala mkondo, kwa hiyo vyote viwili lazima vitafutwe kwa pamoja. Mwanahisabati Mwingereza Pocklington aliuandika mlinganyo wa jambo hilo mwaka 1897, akaonyesha kwamba katika waya mwembamba mkondo hukaribia umbo la wimbi lililosimama, yaani wimbi ambalo vilele vyake havisafiri. Mafundi wa wakati huo waliendelea kusimamisha nyaya kwa kujaribu na kurekebisha. Unene wa waya ulishughulikiwa vizuri zaidi na mwanafizikia Msweden Hallén mwaka 1938.

Muulizaji
Nashukuru sana. Kwa masafa ya megahezi 100 nusu ya urefu wa wimbi ni takriban mita 1.5, mbona basi dipoli hukatwa fupi kidogo?

Jibu la 2
Kwa sababu kwa urefu kamili wa nusu wimbi antena huonyesha ukinzani wa omu 73 hivi, na zaidi ya hapo volteji huutangulia mkondo, kana kwamba koili imeunganishwa hapo. Ukipunguza asilimia chache za urefu, hali hiyo hutoweka. Na waya ukiwa mnene, hupunguzwa zaidi.