Mimi Panya yeye Farasi, mama mkwe kaniuliza mnyama wangu. Ni kweli nyota zetu hazioani?

PanyaWaOktoba
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri na msinicheke. Nina mchumba Mjapani, huu mwaka wa tatu tuko pamoja na tumeshaanza kuongelea ndoa. Wiki iliyopita kanipeleka kwa mama yake Kanazawa, ndo mara ya kwanza naonana naye ana kwa ana. Tumekaa tunakunywa chai mara yule mama akaniuliza taratibu "nani-doshi desu ka", yaani mwaka wako ni wa mnyama gani, nikamjibu nezumi, panya, maana nimezaliwa Oktoba 1996. Akaanza kuhesabu kwenye vidole, akasema "aah, nezumi", akamwangalia mwanae, akaniongezea chai. Basi, hakusema kitu kingine.

Usiku sikulala, nikaingia mtandaoni. Jamani! Mwenzangu kazaliwa tarehe 12 Januari 1990, Farasi. Kila chati ninayofungua inasema Panya na Farasi ndo wabaya kuliko wote, wametazamana uso kwa uso kwenye lile duara la wanyama 12, miaka sita kamili. Chati moja imetupa alama moja kati ya tano, na hiyo moja nahisi ni ya kutuonea huruma. Mwenzangu namuuliza anacheka tu. Sasa mnaojua haya mambo ya eto, yaani hawa wanyama wa miaka, mama kashatukataa kimoyomoyo au ni mimi najitesa?

KipangaMzee
Dada pumua kwanza. Nani-doshi ndo namna ya Kijapani ya kukuuliza umri bila kukuuliza umri. Mtu mzima mwenye adabu zake hawezi kukwambia una miaka mingapi, anakuuliza mnyama halafu anapiga hesabu mwenyewe, wanyama wako 12 kwahiyo akikuangalia usoni na akijua mnyama wako hawezi kukosea, labda akuongeze au akupunguze miaka 12. Vile vidole ulivyoviona vilikuwa vinahesabu miaka yako, sio laana.

Turudi kwenye chati. Hazijatunga, huo mpangilio ni wa zamani umetoka China. Wanaopatana sana ni wale wa utatu, wanapishana miaka minne minne: Panya, Joka na Nyani, halafu Ng'ombe, Nyoka na Jogoo, halafu Simbamarara, Farasi na Mbwa, wa mwisho Sungura, Kondoo na Nguruwe mwitu (Japani sio nguruwe wa kufugwa kama China, ni inoshishi wa porini). Wanaogongana ni wa miaka sita, na nyie mmo humo, siwezi kukudanganya. Panya ni maji, Farasi ni moto, mantiki yake ndo hiyo.

Ila hapo Kanazawa kuna kitu chati haikukwambia. Ukijihesabu wewe moja, ukaenda mpaka wa saba, unamkuta huyohuyo mnayegongana naye. Wale wazee wanamuita mukai-eto, mnyama wa upande wa pili, na yeye ndo wanamfanya kinga yako! Mwandishi Izumi Kyoka alizaliwa Kanazawa mwaka 1873, mwaka wa Jogoo, mama yake akampa sungura wa kioo cha fuwele amlinde, na jamaa akaendelea kukusanya visungura maisha yake yote. Kwahiyo mnyama yuleyule kwenye chati ni balaa, ukimweka kabatini ni baraka. Utachagua mwenyewe.

sina_nyota
Watu bilioni nane mnawagawa mafungu 12 halafu mnataka mjue nani atapika nani ataosha vyombo 😂 Darasa langu lote la sekondari tulikuwa mnyama mmoja, mbona wengine walikuwa hawasalimiani.

BabaTori
@sina_nyota sawa lakini mkwe hakuangalii kisayansi ndugu yangu, mkwe ni mkwe.

Dada nikupe ya kwangu. Mimi ni Nyani wa 1980 mke wangu Mbwa wa 1982, na watu kama sisi Wajapani wana msemo kabisa, ken'en no naka, uhusiano wa mbwa na nyani, ndo wanasema watu wasioivana wakiwa hivyo, kama sisi tunavyosema paka na panya. Siku ya kujitambulisha baba mkwe kaniuliza mnyama wangu, nikasema saru, mzee kaweka glasi chini akaangua kicheko mpaka machozi, akamwambia mkewe "ken'en no naka!" na mimi Kijapani changu kilikuwa cha kuombea maji tu, nikacheka na mimi ili nisiharibu. Nilikuja kuelezwa kwenye treni tunarudi. Nikanuna mpaka tumefika.

Sasa sikiliza. Ukiangalia ule mpangilio wa wanyama, nyani ni wa tisa, mbwa wa kumi na moja, na katikati yao yupo jogoo. Hadithi yao inasema jogoo aliwekwa pale makusudi ili awaamue hao wawili wasing'atane njiani. Mtoto wetu kazaliwa 2017, mwaka wa nini? Jogoo. Mzee alipopigiwa simu cha kwanza hakuuliza uzito wala mama mtu anaendeleaje, kasema mwamuzi kafika. Na kweli yule mtoto miaka yote ya udogo alikuwa analala katikati yetu, kichwa kwa mama yake miguu kwenye mbavu zangu.

Mke wangu yeye eto wala hakuuliza, siku ya pili tu tumefahamiana kauliza grupu langu la damu 😅 Wengi ndo walipo huko, wanasoma tabia ya mtu kwenye damu.

Lulu_ya_Pwani
Mbona hakuna aliyeangalia hiyo tarehe 12 Januari? Japani waliacha kalenda ya zamani mwaka 1873 wakahamia hii tunayotumia wote, na mwaka wa mnyama ukahama nao, unaanza tarehe 1 Januari. China bado wanahesabu kwa mwezi, na mwaka 1990 mwaka mpya wao uliingia tarehe 27 Januari. Mchumba wako Japani ni Farasi, China ni Nyoka! Na Panya na Nyoka hawamo kwenye wale wa kugongana. Panda ndege masaa machache tu mnakuwa mmepatana.

Ila ukitaka kujua hizi imani zina nguvu kiasi gani usiangalie chati za mapenzi, angalia farasi mwenyewe. Kuna Farasi wa moto, hinoe-uma, anakuja kila miaka 60, na walikuwa wanaamini mwanamke aliyezaliwa mwaka huo ni mkali mpaka anamla mumewe. Wanamtaja Oshichi, binti muuza mboga wa Edo (Tokyo ya zamani) aliyewasha moto ili amwone tena mpenzi wake, wakamchoma mwaka 1683, simulizi zinasema alikuwa wa 1666. Sasa mwaka 1965 Japani walizaliwa watoto milioni 1.82, mwaka 1966 wakashuka mpaka milioni 1.36, mwaka 1967 wakapanda milioni 1.94. Robo nzima imeyeyuka mwaka mmoja, na hakukuwa na vita wala njaa, watu waliogopa tu kupata binti. Na mwaka huu wa 2026 ndo hinoe-uma tena.

PanyaWaOktoba
Asanteni sana, nimecheka hiyo ya kupanda ndege. Basi jana nimembana mwenzangu aulize, kamuuliza mama yake kwa simu mi niko pembeni nasikiliza. Kumbe kweli alikuwa anahesabu umri! Alidhani nina miaka 24 akawa anaogopa mwanae wa miaka 36 kachukua mtoto wa watu. Alivyopata 29 ndo akaniongezea chai.

Lakini @Lulu_ya_Pwani umenipa kazi nyingine. Nimemuuliza mwenzangu mama kazaliwa lini. 1966. Nimekaa kimya kama dakika tano. Kumbe alipozaliwa kuna watu walikuwa hawataki kabisa kuona binti, na yeye ameolewa na huo mwaka wake, sijui mama mkwe wake alimuuliza nini. Nimuulize siku moja au nikae kimya?

sina_nyota
Hapo hata mimi nyota zangu zimenyamaza.

KipangaMzee
Usimuulize. Siku mnaosha vyombo wawili tu atakwambia mwenyewe akitaka. Na ukiwa unaondoka akikutia mkononi kafarasi kadogo ka udongo, mwaka huu wamejaa kila duka kule, usije humu usiku kutuuliza anamaanisha nini. Wa saba wako ni nani?