Rangi za glita za kutengenezwa kwa mkono: nizipimeje kabla ya kuandika tathmini?

Zuhura_K
Habari zenu wapenzi wa kucha. Nina seti ya chupa sita za rangi ya kucha yenye glita, zote zimechanganywa kwa mkono na mtengenezaji mdogo, ml 15 kila moja. Nataka kuandika tathmini inayomsaidia mnunuzi, siyo "nzuri sana jamani" na picha moja.

Namba 1 ni jeli ya bluu yenye glita laini za fedha. Namba 2 ni nyeupe ya maziwa yenye pembesita za pinki na kijani za kuwaka. Namba 3 ni beizi angavu (beizi ni kimiminika kinachobeba glita) yenye viduara vikubwa vya rangi ya shaba. Namba 4 ni nyeusi yenye vumbi la holo, lile linalotoa rangi za upinde wa mvua. Namba 5 ina magamba yanayobadili rangi kila ukigeuza kidole. Namba 6 ni dhahabu ya mchanganyiko, ya kupaka juu ya rangi nyingine.

Ninayotaka kujua: kosa la mtengenezaji ni lipi na tabia ya glita ni ipi? Nipake mikono mingapi, yaani tabaka ngapi, ili nisizionee? Na zinatolewaje bila kuua kucha, maana wasomaji wangu wengi wanazitoa kwa ajili ya swala? Nimeshaona mambo mawili: viduara vya namba 3 vyote vimelala chini, na nyeupe ya namba 2 imeanza kuwa na wekundu wa mbali.

Fundi_Kucha_Tanga
Dada Zuhura, usifungue chupa yoyote kwanza. Zisimamishe zote mahali pasipo jua, uziache usiku mzima bila kuzigusa. Asubuhi tazama sehemu ya juu ya kila chupa. Ukiona utepe wa beizi tupu wa mm 1 au 2, hilo ni jambo la kawaida. Ukikuta nusu ya chupa iko wazi na glita zimejaa chini kama mchanga wa mtoni, beizi ni dhaifu.

Sababu ni hii. Beizi ya glita siyo rangi angavu ya kawaida. Ndani yake kuna udongo laini wa jamii ya bentonaiti au hektoraiti uliotengenezwa uweze kukaa kwenye viyeyushi. Chupa ikitulia, udongo huo hushikana na kuibeba glita. Ukiitikisa unaachia na rangi inatiririka. Ni kama tomato sosi inayogoma kutoka mpaka chupa ipigwe kofi. Mtu akinunua topkoti ya dukani (rangi angavu ya kumalizia juu) akamwagia glita, siku ya kwanza itapendeza, wiki ya pili yote iko chini. Ndiyo maana tathmini ya siku ya kwanza haina maana sana.

Sasa namba 3. Glita nyingi ni poliesta, aina ya plastiki, na poliesta ina takribani gramu 1.38 kwa mililita, wakati beizi iko karibu na gramu 1. Chembe ya mm 0.2 inabebwa bila shida. Kiduara cha mm 1.6 kitazama tu, hata beizi iwe nzuri vipi, na joto la Pwani linaongeza kasi kwa sababu beizi inakuwa nyepesi. Kwa hiyo usimhukumu kwa kuzama. Mhukumu kwa kurudi: funga kifuniko vizuri, pindua chupa kichwa chini dakika 15, kisha irudishe. Viduara vikisambaa na brashi ikatoka na viwili au vitatu bila wewe kuvivua kama samaki, amefanya kazi yake. Vikibaki vimegandamana chini kama ukoko wa wali, hapo ana kosa.

Mchanganyaji
Namba 2 imechuja. Neno ni lile lile la kanga. Chembe ya glita ni utando wa plastiki uliopakwa rangi, na nyingine zina tabaka la alumini katikati. Glita za kazi za mikono za shule hazikutengenezwa kukaa ndani ya ethili asetati na butili asetati, ambavyo ndivyo viyeyushi vya rangi ya kucha. Zikilowa humo rangi yake inatoka. Pinki na kijani za kuwaka ndizo zinazoongoza kwa kuchuja, na kwenye beizi nyeupe hakuna pa kujificha.

Mtengenezaji makini hupima kabla ya kuuza: anatia glita kidogo ya kila rangi, kama gramu 0.2, kwenye ml 5 za beizi angavu ndani ya kichupa cha kioo, anakiacha wiki mbili na kukitazama kila siku chache. Kioo, narudia. Vichupa vingi vya plastiki ngumu inayong'aa huyeyuka kwa viyeyushi hivyo.

Kwenye tathmini yako piga picha ya namba 2 leo kando ya karatasi nyeupe, andika tarehe, kisha irudie baada ya wiki mbili na nne. Karatasi ni muhimu, kwa sababu jicho huzoea pinki polepole na kuiona nyeupe.

Sikiliza na sauti pia. Tikisa kila chupa sikioni. Lazima usikie vigololi vya kuchanganyia rangi, kwa kawaida viwili vya mm 5 hivi. Chupa ya glita isiyo na vigololi ni uvivu. Vikiwa vya chuma duni hupata kutu, na kwenye beizi nyeupe kutu huleta umanjano. Wekundu wako ukielekea machungwa badala ya pinki, shuku vigololi kabla ya glita.

Kuhusu wingi: gramu 1 hadi 1.5 za glita kwa ml 15 inatosha kwa rangi ya kupaka juu. Ukizidisha sana, brashi inasukuma tope badala ya rangi, na kila mkono unachelewa kukauka.

Saida_Muscat
Kwa mikono mingapi, jibu linatofautiana na beizi, kwa hiyo usizipake zote kwa kanuni moja.

Jeli ya bluu: mikono mitatu myembamba, dakika 3 hadi 5 kati ya mkono na mkono. Ukipaka minene miwili utapata mapovu na kucha itabaki laini mpaka usiku. Nyeupe ya maziwa: miwili, basi. Mkono wa tatu unazifukia pembesita za mkono wa kwanza na unabaki na vivuli vya kijivu. Wengi wanaandika "glita hazionekani" wakati wamezizika wenyewe. Namba 4 yenye holo, miwili. Namba 6 paka mmoja juu ya rangi nyeusi na mmoja juu ya rangi ya ngozi, maana mnunuzi anataka kujua inavyokaa kwenye vyote viwili.

Magamba ya namba 5 yanahitaji rangi nyeusi chini, la sivyo mabadiliko hayaonekani vizuri. Hilo siyo kosa, mwambie msomaji tu.

Kwenye namba 3 na 6 usifagie na brashi. Unapofagia unazikusanya glita zote ncha ya kucha na katikati panabaki upara. Beba rangi ya kutosha upande mmoja wa brashi, donoa katikati, sogea pembeni, acha. Ukitaka kucha ijae glita tupu, chukua kipande cha sponji ya vipodozi, paka rangi juu ya sponji, subiri sekunde chache inyonye beizi, kisha gongagonga kwenye kucha. Sponji inakula beizi, glita zinabaki. Ila inamaliza chupa haraka, na hilo liandike pia.

Picha: holo inataka chanzo kimoja kikali cha mwanga, yaani jua la moja kwa moja au tochi ya simu. Kivulini inakuwa nyeusi yenye vumbi, na mnunuzi ana haki ya kuiona hivyo, kwa sababu ofisini ndivyo itakavyokuwa. Weka zote mbili. Ukitaka upinde wa mvua uonekane, legeza umakini wa kamera kidogo; picha yenye ukungu inaonyesha rangi za holo kuliko iliyonyooka.

Kitu kimoja tu: usitikise chupa, izungushe viganjani. Ukitikisa mapovu yanajaa.

Mchanganyaji
Dada Saida, kwa yote nakuunga mkono isipokuwa hilo la mwisho. Kuzungusha viganjani kunafaa rangi laini isiyo na glita. Beizi yenye udongo inahitaji mtikiso ndipo iachie. Ukiizungusha tu, utapaka beizi ya juu na glita zitabaki zilipo. Tikisa sekunde 30 hadi vigololi vigonge kwa uhuru, kisha iache dakika 5 hadi 10 mapovu yapande. Mapovu kwenye kucha mara nyingi yanatokana na mkono mnene, feni au kupaka juu ya mkono usiokauka. Chupa inasingiziwa.

Saida_Muscat
Sawa, kwa glita nakubali. Kwa namba 4 bado nitazungusha, vumbi la holo halihitaji fujo.

Zuhura_K
Asanteni sana. Nimepindua namba 3 dakika 15 kama fundi alivyosema. Viduara vimesambaa, lakini nilipopaka, vinne kati ya saba vimejikunja kama ganda la kitunguu lililokauka. Kingo zinasimama, zinakwama kwenye nywele. Topkoti mbili hazijavilaza. Na namba 6 inaparuza hata baada ya topkoti.

Fundi_Kucha_Tanga
Kwanza pima kama ni chupa au ni kucha. Chukua kiduara kwa kibanio, kipanguse na ukilaze kwenye sahani ya kioo. Kikiwa kimejikunja hata hapo, kiyeyushi kimekilainisha upande mmoja na hakitanyooka tena. Hilo ni kosa la malighafi, liandike bila kupepesa. Kikiwa bapa kwenye sahani lakini kinasimama kwenye kucha, basi umbo la kucha ndilo tatizo: kiduara cha mm 1.6 hakiwezi kukumbatia kucha nyembamba yenye mgongo wa juu. Kibandike katikati palipo bapa, kikandamize kwa kijiti cha mti kabla rangi haijashika.

Kuparuza kwa namba 6 ni tabia ya glita yoyote. Topkoti inazama kwenye mabonde kati ya chembe na vilele vinabaki juu. Paka topkoti nene mkono mmoja, iache ikauke vizuri, kisha ya kukausha haraka juu yake. Ukianza na ile ya kukausha haraka inaweza kusinyaa na kuvuta rangi kutoka ncha ya kucha. Kwenye tathmini taja idadi: "imekuwa laini kwa topkoti mbili" ni habari, "inaparuza" siyo.

Angalizo dogo: ukijaribia kwenye kucha za plastiki za mazoezi, usizisafishe kwa asetoni. Nyingi zinayeyuka mkononi.

BintiMvita
Kwa upande wa kutoa. Usisugue. Kata pamba vipande kumi vya ukubwa wa kucha, lowesha kwa asetoni, kila kimoja ukikandamize juu ya kucha, funga kwa foili ya jikoni na usubiri dakika 5 hadi 10, mbali na jiko na mshumaa. Bana kidole, zungusha kidogo, vuta kuelekea ncha. Ikitoka nusu, rudia. Ukikwangua kwa kisu au kucha nyingine, tabaka la juu la kucha linaondoka nayo. Ukimaliza paka mafuta, hata ya nazi.

Kwa wanaoswali, rangi ya kawaida ni utando unaozuia maji, na glita yenyewe ni plastiki, kwa hiyo lazima itoke kabla ya udhu. Wengi wanatumia gundi nyeupe ya shule chini: sehemu tatu za gundi, moja ya maji, mkono mmoja, na subiri mpaka weupe uishe kabisa, kama dakika 20. Kisha glita juu yake. Ikitaka kutoka unaloweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu na kuichomoa ikiwa nzima kwa kijiti. Ubaya wake: ukifua au kuosha vyombo, inakuacha mapema. Gundi ikibaki kwenye kingo sugua mpaka iishe, nayo ni utando.

Kwa hiyo Zuhura, pima kila chupa mara mbili: juu ya rangi ya chini ya kawaida na juu ya gundi. Usichanganye siku za kudumu za njia hizo mbili kwenye jedwali moja.

Neema_Hamburg
Nyongeza kwa walioko huku: kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/2055 ilianza kutumika 17 Oktoba 2023 na ilizuia mara moja uuzaji wa glita nyingi za plastiki zilizo huru. Vipodozi vya kucha vimepewa muda hadi 17 Oktoba 2035, na kuanzia 2031 vyenye maikroplastiki (chembe ndogo za plastiki) lazima viseme hivyo kwenye lebo. Muulize mtengenezaji glita zake ni poliesta au selulosi. Na mkumbuke rangi ya kucha inashika moto, kwa hiyo kuituma kwa ndege kuna masharti. Uliza inasafirishwaje kabla hujalipa.

Zuhura_K
Nimepima namba 3 kwenye sahani: vinne vile vimejikunja hata pale. Namba 2 nimeipiga picha kando ya karatasi. Naandika zile chupa tano nyingine sasa, au nisubiri?

Mchanganyaji
Andika tano, na namba 2 iachie nafasi yenye tarehe ya leo na "itarudiwa baada ya wiki nne". Iweke kabatini, siyo dirishani: jua nalo linafifisha rangi za kuwaka, halafu hutajua kilichoibadilisha ni mwanga au ni kiyeyushi.